Picha Arobaini na Mbili za Giza

Kila asubuhi, kabla sijavaa viatu, nilikuwa naisikiliza redio kwa ajili ya sekunde zake. Nabandika chai kwenye jiko la mkaa hapo mlangoni, nakaa juu ya ndoo niliyoigeuza, daftari magotini, saa yangu ya mkononi nimeishika mbele ya macho. Kabla ya taarifa ya habari ya saa kumi na mbili redio hutoa milio mitano mifupi na mmoja mrefu. Mrefu ukilia, naangalia mshale wa sekunde na kuandika saa yangu imekosea kiasi gani. Nilikuwa nimeandika hivyo kwa siku hamsini na tatu. Saa ile ilikuwa ya bei ndogo, ya mnadani Ruangwa, inachelewa sekunde moja kila baada ya siku tatu, na kila ikifika sekunde nne nyuma nairekebisha. Niliijua tabia yake kuliko ninavyozijua tabia za watu wengi.

Alhamisi ile mlio wa tatu ulikuwa umeshalia simu ilipoita. Alikuwa Dokta Nicholaus. Yeye si mtu wa kupiga simu, hutuma ujumbe mfupi wenye nukta mwishoni. Nilisimama ndipo nikapokea, utadhani ananiona.

“Shikamoo, Dokta.”

“Marahaba, Mwalimu Zulfa. Nandagala kwema?”

“Kwema, Dokta.”

“Sikiliza. Ile namba yako ya Jumanne nimeiangalia mara mbili, mara tatu. Haiwezekani. Jedwali linasema kivuli kinaishia kilomita sita kabla ya kukufikia. Wewe umeandika nyota ilizimika kwa sekunde moja nukta nne.”

“Ilizimika, Dokta.”

“Upepo huo, mama. Darubini inatikisika, nyota inatoka, inarudi. Hata mimi yameshanikuta. Sasa nimekuandikia ‘haikuzimika’, iende sawa na jedwali. Jumamosi uje hapa Nachingwea utie sahihi, Jumatatu natuma kwa wenye jedwali. Wewe ni mtu mwelewa.”

Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Kwamba siku ile hapakuwa na upepo. Kwamba video nilimtumia. Lakini maneno yangu yana tabia ya kufika mtu akishakata simu.

“Sawa, Dokta,” nikasema.

Chai ilifurika, ikazima mkaa. Mlio mrefu ulikuwa umeshapita bila mimi kuusikia, na kwa mara ya kwanza katika siku hamsini na tatu daftari lilibaki na mstari mtupu.

*

Dokta Nicholaus alinifundisha chuoni. Nilikuwa nakaa safu ya nyuma, na swali likiulizwa naandika jibu kwenye kipande cha karatasi na kumpa jirani yangu alisome. Dokta ndiye aliyegundua kwamba majibu yote ya yule jirani yalikuwa ya kwangu. Nilipopangiwa kufundisha fizikia Nandagala alinitafuta mwenyewe, akaniletea darubini kwenye boksi lililofungwa kwa kamba za katani, akasema ikae shuleni kwetu maadamu naitumia. Kwa hiyo si mtu mbaya. Nayasema haya mapema, maana wengine niliowasimulia walimkasirikia kabla sijamaliza.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Katikati ya Mirihi na Mushtarii kuna mawe maelfu kwa maelfu yanayolizunguka Jua. Mara chache sana jiwe mojawapo hupita mbele ya nyota na kuificha, na kivuli chake hukatiza juu ya nchi kwa mwendo wa kilomita ishirini kila sekunde. Aliye ndani ya kivuli huona nyota imezimika kwa kitambo kisichofika hata pumzi moja. Aliye nje haoni kitu. Ukiwapanga watu kwa mstari na kila mmoja akaandika alichokiona, unapata upana wa jiwe ambalo hakuna atakayeligusa.

Jumanne ile kivuli kilitarajiwa kupita Nachingwea mjini saa moja na dakika thelathini na nane jioni. Dokta alikaa mjini, katikati ya njia. Ukingo mmoja, huko Marambo, aliwekwa mjomba wangu Harithi, mwalimu mstaafu wa hesabu, niliyempendekeza mimi. Ukingo wa pili, Nandagala, niliwekwa mimi. Sisi wawili tulikuwa nje ya kivuli kwa mujibu wa jedwali. Tuliwekwa ili tuandike kwamba hatukuona kitu.

Letisia alinisaidia kushika tochi. Anafundisha Kiswahili, tunapanga nyumba moja, chumba chake kinatazamana na changu.

“Shoga,” aliniambia tukiwa uwanjani nyuma ya darasa la kidato cha pili, “yaani nimeacha ugali wangu unapoa nije kuitazama nyota isifanye kitu?”

“Ndiyo kazi.”

“Na ukiona haijafanya kitu unaandika?”

“Naandika.”

“Serikali ingejua kuna kazi kama hii wangejaa watu hapa.”

Simu yangu ilikuwa imefungwa kwenye darubini, inachukua video. Ndani ya kioo kulikuwa na nyota mbili, moja yetu na moja jirani yake, hafifu kidogo. Letisia alikuwa bado anacheka nyota yetu ilipozimika. Haikufifia. Ilikuwepo, haikuwepo, ikawepo. Ile ya jirani haikupepesa.

“Imezimika,” alisema Letisia. Kisha, kwa sauti ndogo, “Imewaka. Zulfa, umeona?”

Nilikuwa nimeona. Nilisahau kubonyeza kitufe cha kuzima video, akabonyeza yeye.

*

Mapumziko ya saa nne kwa kawaida huwa nasahihisha madaftari. Alhamisi hiyo nilikaa na Letisia ofisini na kumweleza simu ya Dokta.

“Ukasema sawa.”

“Nikasema sawa.”

“Wewe mtu akija kukuuzia nyumba yako mwenyewe utamwambia sawa, na karibu chai.”

Akanionea huruma, akavuta kiti.

“Haya nieleze mimi, maana siku ile nilishika tochi tu. Jiwe likiwa nene au jembamba, mtu wa Nandagala linamhusu nini? Watoto nusu darasa wako mashambani wanaokota korosho. Wewe unagombana na mkubwa kwa sekunde moja.”

Nilimweleza kama ninavyowaeleza wanafunzi. Wataalamu wana majedwali yanayosema kila sayari itakuwa wapi, dakika yoyote utakayotaja, mwaka wowote. Kwa majedwali hayo vyombo vinavyorushwa angani hufika vinakokwenda. Lakini kuna matumizi mengine ninayoyapenda zaidi: kwa majedwali hayohayo fizikia yenyewe hupewa mtihani. Je, nguvu ya uvutano ni ileile leo na miaka hamsini iliyopita? Je, Jua linapungua uzito kiasi gani kwa mwaka? Je, hesabu za Einstein ni sahihi mpaka tarakimu ya mwisho? Umbali wa Mirihi hupimwa kwa mawimbi ya redio, na kosa lake halizidi mita chache. Tatizo ni yale mawe. Yanaivuta Mirihi huku na huku, kidogokidogo, na uzito wa mengi hakuna anayeujua. Ukikosea uzito wa jiwe, umekosea mahali pa Mirihi. Na ukikosea mahali pa Mirihi, huwezi kusema kama kilichokosewa ni jiwe au ni Einstein.

“Kwa hiyo unapima kiuno cha jiwe,” alisema Letisia.

“Ndiyo.”

“Kama fundi cherehani.”

“Kama fundi cherehani. Na jiwe likizidi upana kwa sehemu moja tu ya tano, uzito wake unakaribia kuwa mara mbili.”

Hakutania tena. Letisia akiacha utani ujue ameelewa.

“Sasa hilo jedwali,” akasema, “walilitengenezaje?”

“Kwa kupima. Watu walipima, wakaona jedwali la zamani limepishana na walichokiona, wakalirekebisha. Likapishana tena, wakalirekebisha tena.”

“Na wewe umeona limepishana, unarekebishwa wewe.”

Tulifungua video kwenye kompyuta ya ofisi, tukaipitisha picha moja baada ya nyingine. Simu huchukua picha thelathini kila sekunde. Letisia alihesabu kwa sauti, akiweka alama ubaoni kama anayehesabu magunia. Picha ambazo nyota yetu haikuwemo zilikuwa arobaini na mbili. Katika zote arobaini na mbili nyota ya jirani ilikuwemo. Upepo ungezitikisa zote mbili. Wingu lingezifuta zote mbili.

Nilimtumia Dokta ujumbe: *Naomba utazame video, Dokta.* Alijibu baada ya saa moja. *Haifunguki, mtandao mbovu. Usijali. Tutaonana Jumamosi.*

Akatuma na orodha ya vituo vyote kwenye kundi letu la simu. Nachingwea mjini: ilizimika, saa 1:38:16. Nandagala: haikuzimika. Marambo: *imefutwa, nje ya muda.*

Nilisoma mstari ule wa Marambo mara nyingi. Mjomba Harithi ni mtu anayekunja soksi zake kwa rula. Hawezi kuwa nje ya muda.

*

Ijumaa nilimaliza vipindi vya asubuhi, nikapanda gari mpaka Nachingwea, na kutoka hapo bodaboda mpaka nyumbani, Marambo. Nilimkuta mjomba ametoka msikitini, amekaa barazani kwake, kofia magotini, korosho zimeanikwa mbele yake juu ya turubai.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba. Umekuja kumtazama mtu aliyefutwa?” Hakuinua uso. “Miaka thelathini na moja nimefuta ubao. Sasa nimefutwa mimi. Na amenifuta kijana ambaye ningemfundisha kujumlisha.”

“Uliona nini Jumanne, mjomba?”

“Nilichoona nimekiandika. Nyota ilitoweka, ikarudi. Sekunde mbili, au pungufu kidogo.”

Nilikaa chini pale pale kwenye ngazi. Na Marambo pia. Ukingo huu na ukingo ule.

“Uliandika saa ngapi?”

“Saa moja, dakika arobaini na saba, sekunde thelathini na moja.”

Zilikuwa dakika tisa baada ya wakati wenyewe. Mtu yeyote angefuta.

“Mjomba, ulitumia saa gani?”

“Umeme ulikatika tangu mchana. Ile simu mliyonipa iliisha chaji kabla hata giza halijaingia. Ningefanyaje? Nikaenda dukani nikaishusha saa ya Mudrik ukutani. Mimi jicho kwenye darubini, yeye anasoma sekunde kwa sauti. Ana sauti nzuri, yule.”

Hapo nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Dukani kwa Mudrik ndipo linaposimama gari la kwenda Nachingwea. Tangu mimi niko shule ya msingi, saa ya ukutani ya duka hilo iko mbele kwa dakika tisa, na imewekwa hivyo makusudi, watu wasiachwe na gari. Marambo nzima inajua. Mtu akikuambia saa tatu kwa Mudrik, kichwani unaondoa tisa bila kufikiri.

“Lakini saa ile iko mbele, mjomba.”

“Iko mbele.”

“Uliandika hivyo kwenye karatasi?”

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza kama aliandika kwamba jua huchomoza mashariki.

“Mwanangu,” akasema, “si kila mtu anajua?”

Tulikwenda dukani. Mudrik alikuwa anapima sukari, hakutaka kusumbuliwa. Nilimuuliza kama ameigusa saa yake tangu Jumanne.

“Niiguse ya nini? Betri nimetia mwezi uliopita. Ile nikiigusa, Marambo itafika Nachingwea kesho yake.”

Nilishika saa yangu ya mkononi sambamba na ile ya ukutani. Najua yangu inakosea kwa kiasi gani, nina siku hamsini na tatu za kunithibitishia. Ya Mudrik ilikuwa mbele kwa dakika tisa na sekunde kumi na tatu. Nikalala kwa mjomba, na Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nikasimama tena dukani na redio ya Mudrik mwenyewe. Dakika tisa na sekunde kumi na tatu. Haikusogea.

Mjomba alitoa hesabu hiyo kichwani kabla mimi sijashika kalamu. Saa moja, dakika thelathini na nane, sekunde kumi na nane. Mimi Nandagala nilipata sekunde kumi na tano. Dokta mjini, kumi na sita. Kivuli kilikuwa kimetupitia wote watatu, kwa zamu.

“Naichukua hii saa,” mjomba akamwambia Mudrik.

“Huichukui. Watu watakosa gari la saa tatu.”

“Leo waangalie jua.”

“Basi nakwenda nayo mwenyewe. Ninyi walimu hamrudishi vitu.”

*

Dokta Nicholaus alikuwa amepata darasa moja la kufanyia kazi pale mjini. Alikuwa peke yake, amepanga karatasi kwenye meza ya mwalimu, na chupa ya maji amekandamizia juu zisipeperuke. Letisia alikuwa ameshafika kutoka Nandagala na kompyuta ya ofisi kwenye mkoba, amekaa dawati la mbele kama mwanafunzi mtukutu. Mimi niliingia peke yangu. Mjomba na Mudrik walikuwa nje wanabishana na vijana wa bodaboda.

“Karibu, Mwalimu Zulfa. Hapa,” Dokta akanielekeza kwa kalamu. “Sahihi tu.”

Kwenye karatasi palikuwa na jina la Nandagala, latitudo na longitudo zake, na neno *haikuzimika*. Mahali pa jina la mpimaji paliandikwa *Kituo Na. 3*. Nilisimama pale nimeshika kalamu ya watu.

“Kuna tatizo?”

“Hatii sahihi,” alisema Letisia.

“Namuuliza yeye.”

“Naomba utazame video, Dokta,” nikasema. Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka.

Alitazama. Lazima niseme alitazama vizuri, ameinama, mikono nyuma. Letisia alimpitishia picha moja moja, akihesabu. Walipofika ishirini Dokta alivua miwani. Walipofika arobaini na mbili aliivaa tena.

“Simu huruka picha,” akasema.

“Nyota ya jirani haikuruka.”

“Kituo kimoja, Zulfa. Kituo kimoja hakitoshi kupingana na jedwali lililotengenezwa na watu wenye mitambo inayozunguka sayari nyingine. Ningekuwa na kingine upande wa pili, ningefikiri.”

Mjomba Harithi aliingia bila kubisha hodi, Mudrik nyuma yake akiwa amekumbatia saa iliyofungwa kwenye kanga. Walisalimiana. Mjomba akaifungua kanga, akaiweka saa mezani juu ya karatasi, ikawa inagonga hapo. Akaeleza yote, kwa utulivu, kama anavyoeleza sehemu kwa darasa la nne: aliyekuwa anasoma sekunde, aliyekuwa anatazama, kwa nini saa iko mbele, imekuwa mbele tangu lini. Kisha akatoa kosa la saa, mstari kwa mstari, ubaoni.

Dokta alisoma ubao kwa muda mrefu.

“Kwa nini hukuandika kwamba saa iko mbele?”

“Kila mtu anajua,” alisema Mudrik, kabla mjomba hajafungua mdomo.

Nilidhani Dokta atacheka. Alikaa kwenye kiti, akajifuta uso kwa kiganja.

“Mwaka juzi,” akasema, “niliwapelekea hao wenye jedwali vipimo kutoka sehemu nyingine. Vilikuwa vimetofautiana na jedwali kidogo. Mnajua walinijibu nini? Barua yenye adabu sana. Wakaniuliza kama watu wangu wamefundishwa kusoma saa.” Akaitazama ile ya Mudrik. “Na leo niwapelekee hii. Niwaandikie: samahani, ndugu zangu, sayansi yetu imepimwa kwa saa ya dukani, na saa yenyewe imesogezwa mbele watu wasiachwe na gari.”

“Saa hii haijawahi kumwacha mtu,” alisema Mudrik.

“Saa inayokosea kwa kiasi kilekile kila siku ni saa nzima, kijana,” alisema mjomba. “Wewe ondoa kosa tu. Au kutoa ndiko kunakokushinda?”

“Mzee wangu, mimi nakuamini. Nawaamini wote. Lakini mimi ndiye nitakayesimama mbele yao.” Dokta alinigeukia mimi, na sauti yake ikawa ya upole, ileile ya chuoni. “Zulfa, hawa wazee wananiona adui, lakini wewe unanifahamu. Nakulinda. Safari hii twende na jedwali. Mawe ni mengi, lingine litapita mwakani, tutajipanga na vifaa vizuri, na hapo ndipo tutasema. Ukitia sahihi, darubini inabaki kwako. Usipotia, nitalazimika kuiweka Nandagala kando kabisa, na kituo kikiwa hakipo, darubini nayo sina sababu ya kuiacha pale. Sisemi kukutisha. Ndivyo utaratibu ulivyo.”

Nilifikiria darubini. Nilifikiria wanafunzi wangu wa kidato cha pili walivyopanga foleni kuutazama Mwezi, na yule msichana aliyefika zamu yake akakataa kutoka, tukamvuta kwa kicheko. Nilitazama karatasi. Letisia alifungua mdomo anisemee, kama nilivyozoea watu kunisemea, nikamshika bega. Akaufunga.

Niliirudisha kalamu mezani.

“Chukua darubini, Dokta,” nikasema.

“Mama, subiri kwanza—”

“Nimesubiri tangu Alhamisi. Ulipiga simu nikakujibu sawa, na tangu hapo sijalala vizuri hata siku moja. Darubini chukua, ni ya kwako, nakushukuru kwa kuniletea. Wanafunzi wangu nitawaonyesha anga kwa macho. Lakini hapo usiandike haikuzimika. Mimi sikwenda uwanjani kuwasaidia kukubaliana na jedwali. Jedwali wanalo wao, hawana haja ya kuletewa na sisi. Wanachokosa ni tulichokiona hapa, na hakuna mwingine duniani aliyekiona, kwa sababu kivuli hakikupita kwao, kilipita kwetu. Wakiuliza kama tunajua kusoma saa, waambie tunajua mpaka kosa lake, dakika tisa na sekunde kumi na tatu, wakitaka waje waipime wenyewe kwa Mudrik. Wakicheka, wacheke. Wakimaliza kucheka namba itakuwa bado ipo, na siku moja mtu atakayekuwa anatafuta uzito wa lile jiwe ataihitaji.”

Dokta alikuwa ananitazama kama mtu anayesoma kipande cha karatasi kilichotoka safu ya nyuma. Nikasogeza ile saa pembeni, nikaweka kidole changu mahali pa jina la mpimaji.

“Na hapa pasiandikwe Kituo Namba Tatu. Nyota ilizimika Nandagala kwa sekunde moja nukta nne, na aliyeiona ni mimi. Andika jina langu.”